Utabiri wa Mvua: Nani Alipe, Nani Asiachwe



Mkulima wa Bonga apandaye mahindi na mbaazi hununua mbegu kabla ya kuijua mvua. Akikosea majira, hupoteza mbegu, jasho na chakula cha watoto. Hivyo taarifa ya hali ya hewa ina thamani, na kila chenye thamani hutafuta soko.

Soko si ovu. Vipimo na wataalamu vyahitaji fedha. Ndege, meli na bima hunufaika na utabiri, ni haki zichangie. Lakini maskini asiye na salio la simu asiachwe gizani. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vyake, jirani zetu. Onyo liokoalo uhai haliuzwi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza hadharani utabiri wa vuli na masika. Lakini maneno «juu ya wastani» au «chini ya wastani» hayamwambii mkulima apande nini, asipokuwapo wa kuyafafanua. Kazi hiyo ni ya bwana shamba, naye hulipwa kwa kodi zetu.

Basi kila jumuiya imwalike kabla ya msimu, isome naye utabiri, ipime mvua yake na kuiandika. Naye atakayetuuzia ujumbe wa simu aulizwe: taarifa yatoka wapi, na ikikosea, nani atabeba hasara?