Kitabu cha Utotoni na Swali la Babu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Sumbawanga)



Nimeombwa niseme juu ya vitabu tulivyovisoma utotoni, navyo vikakaa nasi hata uzeeni. Mimi si mwalimu. Nalikuwa karani, kazi yangu majalada na barua. Basi nitataja kitabu kimoja tu.

Kitabu hicho ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mtungaji wake, Mwingereza H. Rider Haggard, alikitoa mwaka 1885, na Frederick Johnson akakitia katika Kiswahili mwaka 1929. Mimi nalikiazima kwa mwalimu miaka ya 1960, nikiwa mtoto hapa Ufipa. Kila jioni, baridi iliposhuka, nalikaa karibu na moto nikamsomea babu yangu, kwa kuwa yeye hakujua kusoma.

Usiku mmoja tulifika pale majeshi ya Wakukuana yanapojipanga na mikuki yao. Babu akanisimamisha, akauliza, "Mjukuu wangu, chuma cha mikuki hiyo nani aliyekiyeyusha?" Nikajibu, "Babu, hayakuandikwa." Akacheka, akasema, "Kesho twende nikakuonyeshe."

Asubuhi akanipeleka penye ilungu, yaani tanuri la udongo, refu kama mara mbili ya kimo changu. Wafipa walilijaza makaa na mawe ya chuma, na upepo ukaingia wenyewe kwa mirija ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka kikatiwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha mhunzi akafua majembe na mikuki. Babu alikuwa ameifanya kazi hiyo ujanani mwake, kabla majembe ya dukani hayajaishinda.

Nami, ndugu zangu, naona haya kusema: sikusikiliza. Moyo wangu ulikuwa kwa Umbopa na almasi. Nalitaka turudi nyumbani nikamalize sura. Miaka ikapita, babu akafariki, nami sikuwa nimeandika hata neno moja la kazi yake.

Je, nakilaumu kitabu? Hasha! Ndicho kilichonitia hamu ya kusoma, na kwa hamu hiyo nimepata riziki yangu. Lakini kilinizoeza kudhani kwamba hazina iko mbali, na kwamba mwenye kuigundua ni mgeni. Hata Umbopa, mfalme wa haki wa nchi ile, habari zake twazisikia kwa kinywa cha Quatermain. Jambo hilo nimelitambua uzeeni.

Tukumbuke kuwa Shaaban Robert naye alikuwa karani, katika idara ya Forodha. Hakungoja wengine wamwandikie. Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Kalamu ya karani yaweza zaidi ya barua za kazi.

Kwa hiyo nawaomba, kila mmoja wetu awape watoto wa nyumbani kwake vitu viwili: kitabu cha hadithi na daftari tupu. Wawasomee wazee kitabu. Na mzee akiuliza jambo lisiloandikwa humo, wamwombe alieleze, waliandike daftarini siku ile ile. Sisi makarani twaijua vema methali hii: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya babu yangu imepotea hivyo mikononi mwangu.