Sifuri ya Daftari

Katika maduka ya jumla ya Kariakoo daftari la stoo lina heshima yake. Ukikuta mbele ya neno "vitenge" pameandikwa sifuri, unajua vitenge vimekwisha. Hakuna anayedhani kwamba maana yake ni "karani ameacha kuhesabu".

Juma hili nataka kuzungumzia daftari jingine, lililomo ndani ya simu za Android zinazouzwa Mtaa wa Aggrey na ndani ya kompyuta nyingi zinazoendesha intaneti. Vyombo hivyo hutumia kiini kiitwacho Linux, ambacho Linus Torvalds wa Finland alianza kukitunga mwaka 1991. Kiini hicho kina ukurasa wa takwimu za kumbukumbu, uitwao meminfo: kumbukumbu yote ni kiasi gani, iliyobaki ni kiasi gani, na mistari mingine kadhaa wa kadhaa.

Mwaka 2015 Torvalds alikuwa akiipima programu yake nyingine, git, kwa majaribio yanayofungua na kufunga programu ndogondogo nyingi sana. Akaona asilimia 4 ya kazi ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, inaishia kwenye hesabu ya mistari miwili tu ya ukurasa ule: VmallocUsed na VmallocChunk. Programu ikianza ilitaka kujua jambo moja, mashine ina kumbukumbu kiasi gani. Lakini kiini hakijibu nusu ukurasa. Kiliuandika wote, na kwa ajili ya ile mistari miwili kililazimika kupitia orodha nzima ya maeneo ya kumbukumbu, kipande kwa kipande. Ni sawa na mteja kukuuliza bei ya kanga moja, nawe ukapanda stoo kuhesabu marobota yote kwanza!

Akatafuta ni nani anayeisoma mistari hiyo. Hakumpata. Basi akaifuta hesabu, lakini mistari yenyewe akaiacha na sifuri, ili asije akavuruga programu za watu.

Hapo ndipo ninapopata shida. Kuacha kuhesabu kisichosomwa ni busara, sina ugomvi. Lakini sifuri nayo ni jawabu. Fundi anayetafuta kumbukumbu imeliwa na nini, akiona sifuri ataamini eneo lile ni tupu, na atakwenda kumtafuta mchawi kwingine.

Na haikupita miaka mingi. Matumizi ya eneo lile yaliongezeka, mpaka mwaka 2019 mtaalamu mwingine, Roman Gushchin, akairudisha VmallocUsed, akieleza kwamba kumbukumbu inayoshikwa pale yaweza kuwa nyingi kweli. Safari hii haikurudi kwa njia ya zamani. Badala ya kuzunguka stoo nzima kila ajapo mwulizaji, kiini huongeza tarakimu kinapotoa kumbukumbu na kuipunguza kinaporudishiwa. Karani yeyote wa Kariakoo anaijua njia hiyo: mzigo ukiingia andika, ukitoka andika. Mwaka 2015 Torvalds alikuwa na dawa nyingine mkononi, ya kuliweka jibu akiba, lakini akaona ni kuongeza kazi juu ya kosa la zamani ambalo huenda halimhusu mtu.

VmallocChunk haikurudi. Mstari wake ungalipo ukurasani, na sifuri yake.