Paa Kwanza

Ndugu msikilizaji, habari ya Beit al Ajaib unayo: jumba hilo la Mji Mkongwe, Zanzibar, liliporomoka kwa sehemu Ijumaa moja ya Desemba 2020. Baada ya Ijumaa ile hakukuwa na baraza lililozungumza jambo jingine. Tunawapa pole jamaa wa wenzetu wawili waliopoteza maisha. Chanzo tuwaachie wachunguzi. Kinachotutia wasiwasi sisi wa kituo hiki ni swali lililozuka kabla hata kifusi hakijazolewa: likijengwa upya, litakuwa nini?

Jumba lile limeshakuwa kila kitu. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alilijenga mwaka 1883 kwa sherehe za kifalme. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ikalitikisa. Mwaka 1911 Waingereza haohao wakaweka ofisi zao humo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, chama cha Afro-Shirazi kikalifanya mahali pa kufundishia siasa. Kisha likawa makumbusho, watoto wetu wakauona mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba. Kasri, ofisi, darasa, makumbusho. Kila aliyeingia aliingia na matumizi yake. Na paa je, ni la nani?

Mwaka 2012 sehemu ya jumba ilianguka, milango ikafungwa. Lile lilikuwa onyo. Masika yakapita, vuli ikapita, tena na tena. Ukarabati ulipofika, ulilikuta limechoka.

Tumeshasema hapa, na leo tunasema tena: jengo la mawe na chokaa haliuawi na uzee, linauawa na maji. Maji huingia juu, hushuka ukutani, hulegeza chokaa, huozesha boriti. Hayajali kama chini yake pana sultani, karani au mtalii. Na Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu mwaka 2000, umejaa nyumba za namna hiyo. Leo duka, kesho hoteli. Na paa je, ni la nani?

Basi wakubwa wetu, tengeni fungu la paa katika bajeti, na lisiguswe kwa jambo jingine! Mwenye nyumba, panda juu ukatazame kabla ya masika! Mpangaji, panapovuja usinyamaze! Vijana, kajifunzeni kazi ya chokaa kwa mafundi wazee wangali hai! Beit al Ajaib lijengwe, tena lijengwe vizuri. Lakini kabla hatujaambiwa litakuwa nini, tuambiwe nani atawajibika kwa paa lake, kila mwaka, mbele ya wananchi. Tudai jibu hilo sasa!