Ujira wa Haki Huanzia Jikoni kwa Mchuma Chai



Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilifutwa, na mwaka uliofuata Wakenya wakapiga kura ya vyama vingi. Katika vita hivyo Gusii ilimtoa marehemu George Anyona, aliyewekwa kizuizini na kufungwa kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Kitutu Masaba mwaka 1992. Mwaka 2010 tukapata Katiba mpya. Kifungu chake cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Leo tunauliza swali moja: ujira huo huhesabiwaje kwa mtu anayechuma chai katika mashamba yetu ya Kisii na Nyamira?

Wengi wetu huanzia upande wa mwajiri. Tunatoa gharama ya mbolea, tunatoa deni, tunatoa karo ya watoto wetu, kisha kinachosalia ndicho tunachomgawia kibarua. Hesabu hiyo haijauliza kama mtu huyo atakula.

Iko njia nyingine. Wachumi Richard Anker na Martha Anker waliitumia kwa wafanyakazi wa chai wa kusini mwa Malawi mwaka 2014, nasi hatuhitaji shahada kuifuata. Kwanza, hesabu chakula cha kutosha cha kaya kwa mwezi: unga, maharagwe, mboga, maziwa, mafuta. Pili, ongeza nyumba isiyovuja, pamoja na maji na kuni. Tatu, ongeza shule, matibabu, nguo, nauli na sabuni. Nne, weka akiba ndogo ya dharura, kwa maana ugonjwa na msiba havipigi hodi. Tano, gawanya jumla hiyo kwa idadi ya watu wazima wanaoweza kufanya kazi katika kaya. Watoto hawahesabiwi humo. Ujira unaomlazimu mtoto aache darasa aingie shambani si ujira wa haki.

Sasa tupime sheria yetu kwa kipimo hicho. Amri ya mishahara ya kilimo iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 ilimwekea mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi maalumu shilingi 7,997.33 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: ni shilingi 266 na senti kidogo. Ikiwa kaya ya watu watano inautegemea mshahara huo peke yake, kila mmoja ana shilingi 53 kwa siku, kabla ya makato ya uzeeni, bima ya afya na ushuru wa nyumba. Siku iyo hiyo kibarua wa kawaida jijini Nairobi aliwekewa shilingi 16,113.75. Kodi ya nyumba ya Nairobi ni kubwa, hatukatai. Lakini nendeni sokoni Keroka mkaulize bei ya gorogoro la mahindi, kisha mrudi mtuambie kama tumbo la mtu wa shamba linagharimu nusu ya tumbo la mtu wa mjini.

Tena, wachuma chai wengi hawaujui mshahara wa mwezi. Wao hulipwa kwa kilo. Hapa hesabu yataka uangalifu. Tuseme, kwa mfano tu, kaya inahitaji shilingi 600 kwa kila siku ya kazi, na mchumaji wa kawaida huchuma kilo 40 kwa saa nane. Bei ya haki ni shilingi 15 kwa kilo. Ukame ukija na majani yakapungua hadi kilo 20, anarudi nyumbani na shilingi 300, na watoto ni wale wale. Kwa hiyo bei ya kilo haitoshi peke yake. Lazima pawe na kiwango cha siku ambacho malipo hayashuki chini yake. Na tukumbuke: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa sahihi.

Ndugu zetu, tuseme ukweli. Mwajiri tunayemzungumzia si mzungu wa shamba kubwa. Ni sisi. Mchumaji na mwenye shamba huketi benchi moja kanisani. Nasi pia tunabanwa: tunangoja malipo ya mwezi, kisha bonasi, na mwaka 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilalamika kwamba bonasi yao ilishuka mno kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Hilo ni dai la haki, na sisi wenye hisa katika viwanda kama Kebirigo, Nyansiongo, Kiamokama na Nyamache tulipeleke kwenye mikutano mikuu, tudai kuonyeshwa hesabu. Lakini umaskini wa mkulima haufuti deni lake kwa mchumaji. Hatuwezi kumdai mkubwa haki ambayo sisi wenyewe tunamnyima mdogo.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, humwagiza mwajiri amlipe kibarua siku hiyo hiyo kabla jua halijatua. Yakobo, sura ya 5, anaonya kuwa ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Sisi humwambia mchumaji angoje tulipwe kwanza.

Basi tunaomba mambo matatu. Kila kanisa liteue watu watano, wawili kati yao wachuma chai, waandike bei za soko na kuifanya hesabu hii mara mbili kwa mwaka. Matokeo yasomwe hadharani baada ya ibada. Kisha yapelekwe kwa chama cha wafanyakazi wa mashamba na kwa wabunge wetu, kabla ya amri nyingine ya mishahara kutangazwa.

Na kabla ya yote hayo, kila mwenye shamba aliye hapa akifika nyumbani amlipe mchumaji anachomdai.