Hesabuni Kuta Kwanza



Nimeombwa niseme machache juu ya kuchagua ruta, yaani chombo kinachogawa intaneti bila waya nyumbani au ofisini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipofungua ofisi yangu ya vyumba vitatu, nilinunua ruta ya bei kubwa kuliko zote dukani, kwa kuwa ilikuwa na antena nyingi. Chumba cha nyuma hakikupata kitu. Karani wangu alilazimika kubeba kompyuta mpaka ukumbini kila alipotaka kupeleka barua. Mteja mmoja alichoka kungoja, akahama.

Ruta haikuwa mbovu; mnunuzi ndiye hakuuliza. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba habari kwa kasi, lakini hudhoofika upesi yakikuta ukuta. Yale ya gigahezi 2.4 yana kasi ndogo, ila hupenya zaidi. Basi nunueni yenye yote mawili, muiweke katikati ya jengo na mahali pa juu, si nyuma ya kabati la chuma kama nilivyofanya mimi. Tena, kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiongezi ile mnayoilipia.

La mwisho ni ulinzi. Chagueni yenye WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, au angalau WPA2, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo.

Vijana, hesabuni kuta kabla ya kuhesabu antena.