Nyumba Imetoka Mikononi mwa Mama: Ujenzi, Miti na Upepo katika Lodwar na Kakuma



Tunapozungumza kuhusu maendeleo ya Turkana huwa tunahesabu vilivyojengwa: barabara ya lami, madarasa, zahanati, ofisi za wadi. Mimi naomba leo tuulize nani aliamua vijengwe namna hiyo. Wengi wetu husema utamaduni wa ujenzi umebadilika kwa sababu makuti yameondoka na mabati yameingia. Naona hilo ni dogo. Badiliko kubwa ni kwamba kazi ya kujenga imetoka mikononi mwa mama mwenye nyumba ikaingia katika karatasi za zabuni, na yule mama hakupewa nafasi yoyote katika karatasi hizo. Mengine mengi yanayotusumbua, joto la ndani ya nyumba, kuisha kwa mikoma, ugomvi wa kuni, yanatokana na hapo.

Tuanzie nyumbani. Katika awi, yaani boma la Mturkana, mume ndiye anayezungumzia mifugo mbele ya watu, lakini nyumba ni ya mke. Kila mke ana akai yake ya kulala na kibanda cha kivuli cha kukalia mchana, na vyote viwili huvijenga mwenyewe, akisaidiwa na binti zake na jirani. Fito huchimbiwa ardhini kwa duara, hukunjwa zikakutana juu, hufungwa, kisha hufunikwa majani ya mkoma. Mvua ikitisha, ngozi hutandazwa juu. Malisho yakiisha, familia inahama, na penye vijiti vikavu vilivyoachwa hapabaki jeraha la miaka mingi ardhini.

Wageni wengi waliandika kwamba hiki ni kibanda cha mtu maskini. Hebu tukitazame kwa jicho la mhandisi. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka, na mchana joto hupita nyuzi 35 karibu miezi yote. Katika hali hiyo adui wa kwanza ni jua na rafiki wa kwanza ni upepo. Majani ya mkoma huzuia jua yasizuie upepo. Hayana uzito wa kutunza joto, kwa hiyo jua likizama nyumba hupoa mara moja. Ukuta wa bloku za saruji huwa kinyume chake: hunywa joto mchana kutwa, kisha hulirudisha kwa watu wakati wa kulala. Ndiyo maana wakazi wengi wa Lodwar wenye nyumba za mawe hutoa magodoro nje usiku. Wamejenga nyumba kwa pesa nyingi, na usiku wanarudi walipokuwa wakilala bibi zao.

Ujuzi huo haukuishia kwenye fito. Mama aliyejua mkoma upi ukatwe na upi uachwe alikuwa anatekeleza sheria. Kando ya mto Turkwel kuna utaratibu unaoitwa ekwar: kila familia ina sehemu yake ya msitu wa mto, na haki juu ya miti iliyomo, hasa ewoi, ule mgunga ambao maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mpita njia aweza kupumzika kivulini, lakini hakati tawi bila ruhusa ya mwenye ekwar. Matawi hupunguzwa, shina halikatwi. Wataalamu wa misitu waliokuja miaka ya 1980 walikuta, katika nchi waliyoambiwa ni jangwa lisilo na mwenyewe, msitu unaomilikiwa mti kwa mti. Ninawaomba wapangaji wa mji wa Lodwar walikumbuke hili kila wanapochora barabara ya kuelekea mtoni, kwa sababu ramani zetu bado zinaonyesha pale kuwa ni ardhi tupu.

Sasa Lodwar yenyewe. Mji huu ulizaliwa kama kituo cha serikali ya kikoloni, katika eneo lililofungwa, ambako mtu hakuingia bila kibali. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959 aliletwa hapa akae chini ya ulinzi, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nyumba za kuta nne na paa la bati zilikuwa za mkuu wa wilaya, polisi na baadaye wamisheni. Tangu mwanzo, basi, nyumba ya mstatili ilikuwa nyumba ya mwenye mamlaka, na nyumba ya duara ya anayetawaliwa. Siwezi kumlaumu kijana ambaye, akipata mshahara wa kwanza, anataka mabati. Anajenga heshima kwanza, halafu makazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 80,000 mjini Lodwar, na wengi kati yao waliingia mjini baada ya kupoteza mifugo kwa ukame au kwa wizi. Mtu aliyepoteza ng'ombe na ngamia wake hana hamu ya kusikia kwamba kibanda cha babake kilikuwa na hewa nzuri.

Lakini maamuzi makubwa ya ujenzi hayakufanywa na huyo kijana. Chukueni Kalokol. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya njaa kali, Norway iligharamia kiwanda cha kisasa cha kugandisha samaki karibu na Ziwa Turkana. Fikra ilikuwa njema: wafugaji waliopoteza mifugo wawe wavuvi na wapate soko. Jengo likasimama, la kupendeza kwa macho. Ila kugandisha samaki katika joto lile kulihitaji umeme na maji safi ambavyo havikuwepo kwa kiasi hicho wala kwa bei hiyo. Kiwanda kilinyamaza karibu mara tu kilipoanza, na katikati ya muongo huohuo maji ya Ghuba ya Ferguson, walikotegemea kuvua, yakarudi nyuma. Wakati huo wote akina mama wa Kalokol walikuwa wakikausha samaki juani, kwa njia isiyohitaji umeme hata kidogo, na wanakausha mpaka leo. Kila mtu anautaja mradi huu kama mfano wa msaada ulioshindwa. Mimi nautaja kama suala la usanifu: jengo lilichorwa kwa hali ya hewa ya kwingine, na wakaushaji samaki, ambao ndio waliokuwa wataalamu wa joto la ziwa hili, hawakuwa sehemu ya mchoro.

Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 huko juu upande wa Pokot Magharibi, ni funzo la aina hiyohiyo kwa upande wa miti. Linatoa umeme wa megawati 106 kwa taifa, na sikatai faida yake. Ila mafuriko ya msimu ndiyo yaliyokuwa yakinywesha kingo za mto na kuotesha miche mipya ya ewoi. Mto ulipodhibitiwa, wenye ekwar hawakuketishwa mezani. Na pale mti wa asili ulipolegea, mathenge, mti wa kigeni, ukaingia. Ulipandwa kwa nia ya kuzuia jangwa, ukaenea kingoni na kando ya mashamba ya umwagiliaji, hadi mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu. Watu wetu, kama kawaida yao, wameshaugeuza kuwa makaa, ua na fito za nyumba. Akai nyingi zinazojengwa leo pembezoni mwa Lodwar zina mifupa ya mathenge, na juu yake magunia, maturubai na vipande vya katoni, kwa kuwa mkoma uko mbali. Tunaziita nyumba duni na tunapita. Ndani yake kuna ujuzi uleule wa mama, uliokosa malighafi tu.

Twende Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini magharibi, ambako mambo haya yanaonekana wazi zaidi kuliko popote nchini.

Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya Sudan, wengi wao wavulana waliotembea bila wazazi. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei kwa pamoja zina watu wapatao 300,000. Kwa miaka mingi sera ilikuwa kwamba kambi ni ya muda, basi nyumba nayo sharti ionekane ya muda. Watoto wamezaliwa, wakasoma, wakaoa, wakazaa, ndani ya nyumba zilizotakiwa zisidumu. Lakini watu hao hawakusubiri sera. Walifyatua matofali kwa udongo wa palepale, wakaezeka makuti yaliyouzwa na wanawake wa Kiturkana, baadaye mabati. Kila jamii ilileta kumbukumbu ya mikono yake, na ukitembea kutoka mtaa wa Waethiopia hadi wa Wasomali unaona ua, mlango na kibaraza vikibadilika. Maduka na migahawa ikaota mpaka shirika la fedha la Benki ya Dunia, IFC, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, likakadiria uchumi wa pale kuwa na thamani ya karibu shilingi bilioni 6 kwa mwaka.

Lakini udongo ule wa matofali ulitoka ardhini, na mashimo yalibaki. Mvua ikinyesha hujaa maji na mbu. Mto Tarach ukifurika huramba kuta za udongo zilizo karibu na kingo. Na juu ya yote kuna kuni. Mgao wa kuni unaotolewa kambini hautoshi kupikia mwezi mzima, kwa hiyo mama mkimbizi hununua kwa mama wa Kiturkana, mara nyingi kwa kubadilishana unga au maharagwe ya mgao wake. Mabadilishano haya yanaokoa nyumba mbili kwa siku moja. Yamesogeza pia miti mbali mwaka hadi mwaka, na yamesababisha damu kumwagika pale mkimbizi alipokwenda kukata mwenyewe. Wanaosema wakimbizi wameharibu mazingira, na wanaosema wenyeji ndio wachoma makaa, wote wanasahau kwamba ni sufuria ileile.

Kalobeyei ilikusudiwa kuwa tofauti. Mwaka 2015 jamii ya hapo na serikali ya kaunti zilikubali kutoa takriban hekta 1,500, na ramani ikachorwa pamoja na UN-Habitat ili wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na soko moja. Kinachonivutia zaidi ni mpango wa kuzipa familia pesa za ujenzi mikononi mwao, ili zinunue matofali na kumtafuta fundi zenyewe, badala ya mkandarasi mmoja kusimamisha nyumba mia zinazofanana. Hapo mama akawa tena mwenye neno. Anaamua mlango uelekee wapi, na kama anataka kibaraza anajinyima kwingine akipate. Kwa maoni yangu hili ni jambo la maana kuliko ubora wa tofali lenyewe.

Msidhani ninahubiri turudi kwenye makuti. Katika ufuo wa Ziwa Turkana, Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alisanifu kampasi ya Startup Lions inayowafundisha vijana kazi za kompyuta. Kuta ni za mawe ya hapo. Minara mirefu iliyofanana na vichuguu hupandisha hewa moto na kuitoa juu, na hewa baridi huvutwa kupitia matundu ya chini. Ni jengo la kisasa kwa kila hali, nalo limeanza na swali ambalo mjenzi wa akai alianza nalo: upepo unapita wapi? Na upepo upo. Ng'ambo ya ziwa, kule Marsabit, mitambo 365 inauvuna na kutoa megawati 310. Huku Lodwar tunajenga madarasa yenye madirisha madogo, halafu tunaomba pesa za feni.

Kwa hiyo ninaleta mambo mawili mbele ya semina. La kwanza ni la michoro. Majengo ya umma katika kaunti hii hufuata michoro ya aina moja inayotumika toka nyanda za juu hadi hapa. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitutesa muda mrefu, na sasa tunayo Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024. Idara ya kaunti inaweza kudai kwamba kila mchoro wa shule au zahanati uonyeshe kivuli cha nje, njia ya upepo na paa lenye nafasi ya hewa, kabla haujatangazwa kwa wakandarasi. Na mikutano ya kupitia michoro hiyo iwe na viti vya akina mama wajenzi, wanaolipwa kwa siku hiyo kama mtaalamu mwingine yeyote. Kumwita mama aje kutumbuiza kwa kusuka akai wakati wa sherehe ya Tobong'u Lore, halafu kumwacha nje ya chumba cha mipango, ni kumdhulumu.

La pili ni la mkoma na ekwar. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake na kujiwekea kanuni za kuitumia. Tukisajili ardhi bila kuandika haki za miti, mwenye ekwar atajikuta amepoteza kwa hati alichokilinda bila hati. Wazee waliokaa safu ya mbele wanajua mipaka hiyo toka daraja la Lodwar kushuka na mto. Vijana wa Kakuma na wa Lodwar mnajua kutumia simu kuchora ramani. Nimemwomba mwenyekiti aturuhusu kuligawanya kundi baada ya chakula cha mchana, wazee na vijana pamoja, tuanze na sehemu iliyo karibu zaidi na soko, kwa kuwa ndiyo inayokatwa kwa kasi.