Taa ya buluu iliyozaa mwanga mweupe

Mjini Stockholm, Sweden, jua la mwezi Desemba huzama kabla ya saa tisa alasiri. Katika giza hilo la mapema, tarehe 10 Desemba 2014, wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walikabidhiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kubuni taa ndogo itoayo mwanga wa buluu.

Kwa nini taa ya buluu istahiki heshima kubwa namna hiyo?

Jibu limo katika mwanga wenyewe. Mwanga wa jua huonekana mweupe, lakini weupe huo si rangi moja. Katika karne ya 17, Mwingereza Isaac Newton aliupitisha mwale wa jua katika kioo chenye pande tatu, ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na kila rangi ina urefu wake: wimbi la nyekundu ni refu, la buluu ni fupi. Jani la mwembe huonekana kijani kwa kuwa humeza sehemu kubwa ya nyekundu na buluu, likarudisha kijani machoni mwetu.

Rangi za mwanga hazichanganyiki kama za mchoraji. Mchoraji akikoroga nyekundu, kijani na buluu hupata rangi ya matope. Mianga ya rangi hizo ikikutana, jicho huona nyeupe. Dayodi za nyekundu na kijani zilikuwapo kwa miongo kadhaa, lakini bila buluu, taa nyeupe haikuwezekana. Watafiti wengi walikata tamaa. Watatu hao walishikilia fuwele za galiamu naitraidi, wakafaulu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo dayodi ya buluu hufunikwa kwa unga ugeuzao sehemu ya mwanga wake kuwa manjano, na mchanganyiko huo huonekana mweupe.

Taa hiyo hutumia umeme kidogo mno, hata paneli ndogo ya sola huitosheleza. Ndiyo maana katika vijiji vya Afrika Mashariki ambako nguzo za umeme hazijafika, mwanafunzi aliyezoea kusoma kwa kibatari, huku moshi wa mafuta ya taa ukimchoma macho, sasa aweza kufungua daftari lake usiku bila kuhofia moshi wala moto.